Kokoto ya Kumi na Mbili

Alhamdulillahi, Mungu amenipa umri wa kutosha kusahau watu wengi, lakini Somo sijamsahau. Hata leo nikiingia chumbani kwangu, chumba kisicho na mtu, husema hodi kabla sijavuka kizingiti. Wajukuu hunicheka. "Bibi, unambishia hodi nani?" Huwaambia ni mazoea, na kweli ni mazoea. Niliyaokota nyumbani kwake nilipokuwa binti wa miaka kumi na tatu, na hayajanitoka.

Alikaa Kariakoo, mtaa wa tatu kutoka sokoni, katika nyumba ya udongo ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, kama nyumba nyingi za wakati ule. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, ile mikutano ya Mnazi Mmoja ilipoanza kujaa watu. Vyumba vinne vilikuwa vya wapangaji, cha tano alilala mwenyewe. Cha sita, cha mwisho upande wa uani, hakikuwa na dirisha. Tulikiita chumba cha ndani.

Mchana aliuza ubani, udi na liwa sokoni. Kazi yake nyingine ilikuwa sisi. Msichana akivunja ungo, mama yake alimpeleka kwake afungiwe ndani, afundwe, na siku ya kutolewa atoke mtu mzima mwenye jina jipya. Kwa hiyo kila mtu alimwita Somo, mpaka wanaume, mpaka Mhindi wa duka la pembeni aliyempimia mafuta ya taa. Jina alilopewa na mama yake sikulisikia hata siku moja.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kanga zilizofuliwa mpaka maua yamefifia. Harufu ya karafuu ilimtangulia, na ilibaki mlangoni muda mrefu baada ya yeye kupita. Miguu yake haikutoa sauti. Sisi tuliokuwa ndani tulijua kwamba ameingia uani kwa sababu kuku walinyamaza.

Hakuingia chumba chochote bila hodi. Chumba cha ndani, hata kilipokuwa hakina mwali, alikipigia hodi mara tatu, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza, kisha akaingia. Siku moja nilimwuliza kuna nani humo.

"Wewe ukiwa ndani," akasema, "ungependa niingie tu kama mbuzi?"

Nikasema hapana.

"Basi."

Ilikuwa jioni nilipogundua kwamba hakunijibu.

Sokoni alikaa nyuma ya sinia lake akawatazama watoto waliopita na mama zao. Hakutazama nyuso, alitazama nyayo. Kwa mama mmoja alisema, "Huyu bado, mrudishe akacheze." Kwa mwingine alisema, "Huyu ameshaondoka, mama. Hapo umeshika gauni tu." Muuza maandazi wa mtaa wetu alikasirishwa na maneno hayo, akamwita mchawi mbele ya watu. "Mchawi gani anauza ubani kwa kijiko?" Somo akamjibu, na watu wakacheka. Siku tatu baadaye muuza maandazi alikuja uani na binti yake, mama na mtoto wote wamejifunika kanga mpaka machoni.

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza alijuaje. "Mtoto anakanyaga popote," akaniambia. "Siku anapoanza kuchagua pa kukanyaga, namwona." Nilidhani atanipa siri kubwa zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yenyewe, na nimeitumia kwa wanangu wanne.

Niseme habari ya magauni. Kila binti aliyeingia ndani alivuliwa gauni lake la utoto akavishwa kaniki, na gauni lile hakurudishiwa tena. Somo alilifua, akalitundika kwenye kamba iliyopita juu ya chumba cha ndani, ukuta hadi ukuta. Mwali alilala chini yake. Ukiwa chali kwenye mkeka, uliyaona yamejipanga juu yako, ya waliotangulia, na la kwako la mwisho. Mwezi wa Shaabani ulipokaribia kwisha aliyatoa yote akayafua na kuyaanika uani. Nyumba haina mtoto hata mmoja, na kamba zimejaa vigauni vinavyopepea, mikono imeinuka kwa upepo. Wapangaji walipita wakiwa wameegemea ukuta, wasiguswe.

Mwalimu wangu wa chuoni, aliyenifundisha msahafu tangu nikiwa na meno ya utoto, alikwenda siku moja kumsihi aache mambo hayo. Nilikuwepo, nimemshikia kikombe chake cha kahawa.

"Mama, wewe unaswali swala tano," akasema mwalimu. "Jumatatu unafunga. Haya ya kuwafunda mabinti yanakusaidia nini mbele ya Mungu?"

"Mwalimu, wewe unawafundisha kusoma," Somo akasema. "Na kunyamaza unawafundisha wewe?"

"Kunyamaza wanajifunza wenyewe."

"Mbona huyu uliyemfundisha anatoa macho na kusikiliza maneno ya wakubwa?"

Mwalimu akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Hakumrudia tena. Mimi mwenyewe nimewaza maneno yao kwa miaka mingi na sijamkosoa yeyote kati yao. Ghaibu ni ya Mungu peke yake. Nasimulia niliyoyaona, na nikifika mahali ambapo sijui, nitasema sijui.

Jambo alilolishika kuliko yote lilikuwa jina. Siku ya kutolewa, mwali alipewa jina la ukubwa, na lile la utoto likaachwa mle ndani pamoja na gauni. "Mtu akikuita njiani kwa jina la zamani, usiitike," alisema. "Awe mama yako, awe nani. Anayeitwa si wewe. Ukiitika, yule uliyemwacha atajua ulipo."

Lakini mwanamke huyu, aliyetukataza kugusa hata kigae cha kuchezea, alikuwa akicheza mdako peke yake. Nilimchungulia mara nyingi kupitia ufa wa mlango: amekaa uani, miguu ameinyoosha, amechimba kishimo, anarusha kokoto moja juu na kuzizoa nyingine kabla haijaanguka. Mkono wa kulia ulishindana na wa kushoto, na wa kushoto ulikuwa mwizi. "Wewe, rudisha hiyo," alikuwa akiukemea. Zilikuwa kokoto kumi na mbili, nyeupe, zimelainika kama meno. Alizihifadhi ndani ya kopo la chai.

Nilifungiwa pamoja na binti wa baba yangu mkubwa. Jina lake la utoto lilikuwa Pili, na mimi nilikuwa Chausiku. Tulizaliwa mwaka mmoja na tulinyonya, wanavyosema, kwa zamu. Siku za kwanza watoto wenzetu walikuja barabarani wakatuita kwa sauti. "Pili! Chausiku! Tokeni tucheze rede!" Tulikaa kimya, tumepakwa liwa, tukishikana mikono. Baada ya wiki mbili waliacha kuita. Siku hiyo Pili alilia kuliko siku tuliyoingia.

"Wametusahau," akaniambia.

"Hawajatusahau, wamechoka tu."

"Ni yale yale."

Somo alitufunza mengi ambayo mama hana muda wa kuyasema: jinsi ya kuutunza mwili, jinsi ya kukaa, jinsi ya kumsikiliza mtu mpaka amalize, jinsi ya kusikia jambo la nyumba na kulizika hapo hapo. Mimi niliyapokea kama mtu mwenye kiu. Pili aliyakariri kama nyimbo. Ukimwuliza alijibu vizuri, pengine kunishinda, na alipomaliza kujibu alitazama juu, kwenye gauni lake la rangi ya machungwa.

Adhuhuri moja, barabara ikiwa kimya kwa jua, Pili aliinuka ghafla akaitika, "Abee."

Mimi sikuwa nimesikia kitu. "Nani kakuita?"

"Sijui," akasema. "Sauti kama yangu."

Ilikuwa tukae ndani mpaka Ramadhani ipite. Lakini mchumba wa Pili alikuwa karani wa reli, na ilisemekana kwamba anahamishiwa Tabora. Baba mkubwa akaja kuzungumza na Somo ukumbini. Tulisikia kila neno kupitia ukuta.

"Somo, binti yuko tayari," alisema baba mkubwa.

"Nani kakwambia?"

"Umri wake unaniambia. Na mtu mwenyewe anaondoka mwisho wa mwezi. Akienda bila mke, atapata mke huko huko."

"Nitampima," Somo akasema. "Akivuka, mchukueni."

Kipimo chake kilikuwa hivi. Alikuja na lile kopo la chai, akazimwaga kokoto zote sakafuni mbele ya mwali, akatoka. Hakusema neno. Mwali aliyekomaa alichukua ufagio, akazikusanya, akazirudisha koponi, kwa kuwa sakafu ilikuwa imechafuka. Ambaye bado, mikono yake ilianza kucheza.

Pili alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua ufagio akazikusanya taratibu, akazitia koponi. Nikashusha pumzi. Ndipo nilipoona shavu lake la kushoto limevimba kidogo. Aligeuka akanitazama, akaweka kidole mdomoni kunisihi ninyamaze. Na mimi, niliyekuwa nimefundwa kunyamaza, nikanyamaza.

Somo akapiga hodi, akaingia. Alizimimina kokoto kiganjani akazihesabu kwa midomo. Alipofika mwisho alituliza kiganja, akatutazama sote wawili, mmoja baada ya mwingine. Nilijua kwamba ameona kumi na moja. Kule ukumbini baba mkubwa alikohoa.

"Haya," Somo akasema. "Mwambieni baba yake alete kanga."

Pili akatolewa, akaitwa Zuhura, akaolewa kwa ngoma iliyokesha. Uhamisho wa Tabora wenyewe ukafutwa, mume akabaki hapa hapa mjini. Mimi nilitoka baada ya Ramadhani, nikaitwa Salima.

Sasa nafika kwenye jambo langu. Miezi michache baadaye nilikwenda sokoni asubuhi, nikamwona mbele yangu kwenye mabanda ya nyanya, amejifunga kanga mpya, kapu mkononi, anatembea polepole kando ya mama mkwe wake. Alitembea kama mtu nisiyemjua. Moyo uliniuma. Ningeweza kumfikia nikamgusa bega. Ningeweza kumwita Zuhura. Siwezi kusema nilisahau, maana namwandikia Mungu kwanza. Nilitaka kujua kama Pili bado yumo.

"Pili!"

"Abee!"

Kapu likaanguka. Nyanya zikatawanyika miguuni mwa watu, naye akaja mbio, ameacha viatu, anaruka madimbwi kwa mguu mmoja. Alicheka kicheko nilichokijua tangu utotoni, akanishika mikono akanizungusha. "Chausiku, mbona ulichelewa? Nimekuwa nikikungoja tucheze." Mama mkwe wake alisimama katikati ya nyanya. Mbali, nyuma ya sinia lake la ubani, Somo alikuwa ameinuka.

Tangu siku hiyo hakurudi kuwa Zuhura. Alikuwa mtulivu, mwenye furaha, hakumdhuru mtu. Alicheza na watoto wa jirani, akalia wakimshinda. Mumewe alivumilia mwaka, kisha akamrudisha kwa baba yake Ilala kwa heshima, naye akalia. Watu walisema mashetani, wengine wakasema kijicho. Hakuna aliyejua nani alimwita, maana sokoni kila mtu anamwita mwenzake. Kila nilipokwenda kumwona aliniita Chausiku kwa furaha, na mimi, kwa woga, sikuitika. Nilikaa kando yake mkekani kama kiziwi.

Shaabani iliyofuata nilimsaidia Somo kufua. Magauni mengine yote yalitoka safi, kama vitu vilivyotundikwa mwaka mzima ndani ya chumba kilichofungwa. La rangi ya machungwa lilitia maji rangi ya chai. Pindo lake lilikuwa na vumbi la barabarani, na mbegu za majani zimenasa. Nilijiambia kwamba ni udongo wa ukuta unaodondoka. Nyumba ya udongo hudondoka. Lakini mbegu sikuzipatia jibu. Somo aliniona naangalia, akalichukua gauni mkononi mwangu, akalikamua mwenyewe.

Miaka ikapita. Nikazaa mtoto wa kwanza, na uzazi hulegeza mtu: nilishindwa kuendelea kulala na siri ile. Siku moja mwishoni mwa ile miaka ya hamsini, baada ya swala ya alasiri, nikamwacha mtoto kwa mama nikaenda kwa Somo. Alikuwa ameacha kazi ya sokoni, macho yamefifia. Nilimkuta amekaa ndani ya chumba cha ndani, mlango wazi, chini ya kamba.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, Salima. Umekuja kulisema?"

Nikakaa chini. "Somo, ni mimi niliyemwita siku ile sokoni."

"Najua. Niliwalea wawili katika chumba kimoja miezi miwili, nisiijue sauti yako?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nawe ungeniuliza juu ya kokoto." Alipapasa kando yake akalishika lile kopo. "Zilikuwa kumi na moja, nikajifanya sijui kuhesabu. Baba yako mkubwa ana haraka, karani ana haraka, nami niliwaonea haya. Nikamtoa Zuhura, Pili nikambakiza humu. Wewe ulimwita tu. Aliyemfungia ni mimi."

Nikamwuliza nifanye nini. Nilitegemea aniambie nisome kisomo, nitoe sadaka.

"Mwite tena," akasema. "Kisha mshike mkono umpeleke kwao. Usimwache njiani."

Mimi ni mtu wa msahafu, niliogopa. Nilisema Bismillahi, nikasoma nilichokuwa nacho moyoni, nikasimama kizingitini. Chumba kilikuwa giza, magauni hayakutikisika. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Pili."

Sitasema nilisikia kitu. Nitasema kwamba kuku uani walinyamaza.

"Haya, nyoosha mkono," Somo akasema. "Nenda. Usitazame kando."

Nilitoka na mkono wangu wa kulia umening'inia wazi kidogo, kama unavyomshika mtoto. Nikafuata Barabara ya Msimbazi, jua bado liko juu, watu tele. Nilijiona mjinga. Mkono ulikuwa mtupu na sikuhisi kitu ndani yake. Lakini mwenye baiskeli aliyebeba mikate alinipigia kengele, akanizunguka kwa mbali, kwa upana wa watu wawili. Na muuza kahawa aliyekuja mbele yangu akigonga vikombe vyake alisita, akatazama chini ubavuni mwangu, akatabasamu, akapita. Nikapunguza mwendo. Nilitembea mwendo wa mguu mfupi mpaka Ilala.

Pili alikuwa uani kwa baba mkubwa, anacheza mdako na watoto watatu wa jirani. Nilingoja aniite kama kawaida. Hakuita. Aliinua uso, akatazama kando yangu, chini, kwenye kimo cha kiuno changu. Alitazama kwa muda. Kisha akasogea mkekani, akaacha nafasi ndogo karibu naye, akapapasa pale kwa kiganja.

Watoto walikuwa wakingoja zamu yao.

Akatazama kokoto zilizokuwa mkononi mwake kama mtu aliyekuta kitu cha mwenyewe katika nyumba ya watu. Akaziweka chini. "Haya, nendeni kwenu sasa," akawaambia watoto. "Mama zenu wanawatafuta." Ilikuwa sauti ya mwanamke. Watoto waliisikia pia, wakaondoka bila kubisha. Akasimama, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akanitazama usoni.

"Salima," akasema. "Umetembea na jua lote hili? Kaa nikuletee maji."

Alileta maji. Nilikunywa huku machozi yananidondoka ndani ya kikombe, naye hakuuliza. Nilipoaga alifungua fundo la pembe ya kanga yake, akatoa kitu akanitia kiganjani na kunifumba vidole. "Mrudishie mwenyewe," akasema. "Mwambie nilichelewa."

Nilirudi Kariakoo kesho yake asubuhi. Somo alikuwa uani kwenye jua. Miguuni pake gauni la rangi ya machungwa lilikuwa limeshachanwa vitambaa, na kimoja alikuwa anafutia sufuria. Nikapiga hodi ingawa palikuwa wazi.

"Amefika?"

"Amefika, Somo."

Nikamwekea ile kokoto kiganjani. Aliigeuza kwa kidole gumba, akainusa. Kisha akalivuta kopo la chai, akazimwaga zote kwenye mchanga, akaanza kuzirudisha moja moja, safari hii kwa sauti, ili na mimi nisikie. Alipofika kumi na moja alisimama akapumzika kidogo, maana alikuwa amezeeka. Mimi nilikuwa na nafasi, sikwenda popote.

"Na kumi na mbili," akasema, akafunga kopo.